Springi za Kilo Tisini

Umerudi kutoka mto mkavu wa nyuma ya Fiambalá ukitukana matuta.
Unasema nyuma inarusha mateke kama nyumbu aliyekanyaga kaa la moto,
unasema mbele inagugumia, haimezi jiwe,
unasema ni shokapu, Hipólito, siku zote ni shokapu,
au ni vijana wa Tinogasta wanaopita na magari makubwa
wakiichimbua njia.
Mimi nazima jiko. Natafuta spana.

Umeshakaza kila kinachokazika.
Skrubu ya mbonyeo umeifunga mpaka mwisho,
ya mrejeo umeifungua hovyo, tiki, tiki, tiki, bila kuhesabu,
na tairi zote nne umezijaza upepo zikawa ngumu kama maboga mabichi.
Kwako wewe kigumu ndicho imara.
Ndivyo ulivyotoka hospitalini Catamarca,
umenyooka kama mtu aliyemeza ufito,
ukakataa nikubebee mfuko.

Panda, nakwambia. Vaa buti, vaa helmeti, vaa vyote.
Kaa kama unavyokaa pasipo mtu wa kukutazama.
Napiga magoti vumbini na tepu yangu,
toka ardhini mpaka bampa la nyuma.
Nimeshaipima ikiwa tupu; sasa naipima ikiwa nawe.
Mwaka jana ulipopanda ilishuka vidole vinne,
ikatulia, ikakusubiri useme twende.
Leo imeshuka kidole kimoja.
Napima tena.
Kidole kimoja na unene wa ukucha.

Springi haijui kubembeleza.
Daktari alisema utapata nafuu,
dada yako akasema kapungua kidogo tu,
nawe ukautoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, usiku, bandani,
ukidhani sikusikia nyundo.
Chuma hiki kilichaguliwa kwa mtu wa kilo tisini.
Kinamngoja yule.
Wewe kinakuona mzigo wa mgeni, kinakutupa.

Nalegeza pete ya springi, mzunguko mmoja, miwili, mitano,
mpaka nyuzi za chuma zinaisha, na bado haitoshi.
Ukutani, kando ya makopo ya rangi,
zinaning'inia springi za mpwa wetu Ulises,
za kijani, za miaka yake kumi na sita,
alipokuwa mwembamba kama kikonyo cha zabibu.
Naziteremsha. Unazitazama.
Unafyonza chai yako chungu kwa mrija, ingali moto mno,
husemi kitu.
Nakushukuru kwa kutosema kitu.

Jeki. Nati. Grisi kwenye bushi.
Tairi nazipunguza upepo mpaka dole gumba linaacha alama,
mbonyeo naurudisha nyuma tiki nane,
mrejeo naukaza kidogo kidogo,
maana shimo likishapita chuma kisikurupuke;
kirudi kama mtu anayeinuka kitandani
asitake kumwamsha mwenzake.
Kwenye fimbo ya shokapu nafunga uzi mwekundu,
unioneshe imezama mpaka wapi.

Nenda, nasema. Na magoti yako yalegeze nayo.

Nasimama mlangoni, nasikiliza.
Zamani nilikujua kwa kishindo:
kila tuta, bati zima la vyombo linaanguka.
Leo mlio ni mmoja, mrefu,
unapita juu ya mawe
kama kiganja kinachopapasa shuka kutafuta sindano.
Unarudi na vumbi kwenye meno. Unacheka.
Uzi umesogea mpaka karibu na mwisho, haukugonga.

Umeifanya nini, unauliza,
macho yako yakiwa mbali na ile rangi ya kijani.
Skrubu tu, nasema.

Zile nyeupe nimezipaka mafuta,
nimezifunga ndani ya gunia la unga, zisishike kutu.
Zipo chini ya kitanda, upande wako.